Gari limedondokewa na utomvu: tambua tone kwanza, dawa baadaye

Jua la Mwanza, nyuzi 2.5 tu kusini mwa Ikweta, humfanya kila mwenye gari kuwa mtafuta kivuli. Asubuhi unaliegesha chini ya mwembe Isamilo au Nyegezi, jioni unakuta boneti limejaa vitone. Gari huharibika hapo, na mti hauna kosa kubwa. Alama nyingi zinazopelekwa kwa mafundi rangi zimeachwa na mkono uliosugua: waya wa kusugulia masufuria, thina, au kitambaa kikavu chenye vumbi.

Tatizo linaanza pale kila kinachonata kinapopewa dawa ileile. Kinachodondoka kutoka mtini kinaweza kuwa kimoja kati ya vitu vinne, na kila kimoja kina chake cha kukiyeyusha. Sukari ya wadudu, yaani uchafu mtamu wanaoutoa wadudu wa majani, huyeyuka kwenye maji. Gundi ya mgunga nayo huyeyuka kwenye maji, ila polepole, na spiriti haiifanyi kitu. Ulimbo wa msonobari, au ule unaotoka kwenye jeraha la mwembe, haujali maji. Unataka spiriti au mafuta. Maziwa ya mkuyu, mfenesi au mnyaa yakikauka huwa kama mpira, na hayo hulainishwa kwanza kisha yakaviringishwa kwa kidole.

Kwa dalili yoyote utakayoikuta hapa chini, mambo matatu hayarukwi. Mwagia maji mengi kwanza ili vumbi na mchanga viondoke, maana ukisugua juu ya mchanga unakwaruza mwenyewe. Hakikisha bati limepoa: weka kiganja kwenye boneti, na kama huwezi kukiacha hapo sekunde tano, subiri. Dawa kwenye bati la moto hukauka kabla haijafanya kazi. La tatu, jaribu dawa mahali pasipoonekana, kama kwenye ukingo wa ndani wa mlango, kabla ya kuigusisha kwenye boneti.

"Gari lote linanata, kama limemwagiwa soda"

Hili ndilo lalamiko la kawaida kuliko yote, hasa kiangazi cha Juni hadi Septemba ambapo mvua haipo ya kuosha. Vitone ni vidogo sana, vingi, vimesambaa sawasawa kwenye paa, boneti na kioo cha mbele. Vumbi limevishikilia.

Chanzo kinachoongoza ni wadudu wanaokaa chini ya majani ya mwembe: vidukari, vidung'ata na vidugamba. Wanafyonza maji ya mti yenye sukari nyingi kuliko wanavyohitaji, na ziada wanaitoa nyuma yao. Kwa lugha ya wazi, gari lako limenyewa na wadudu. Uthibitisho uko karibu: geuza jani la chini utazame mgongo wake, kisha angalia shina kama lina msururu wa sisimizi wanaopanda kufuata utamu. Mara nyingine sisimizi utawakuta kwenye boneti lenyewe. Majani ya chini yakiwa na utando mweusi kama masizi, umepata jibu, kwa sababu ukungu mweusi huota juu ya sukari hiyo. Utaota hata juu ya gari ukiliacha wiki kadhaa bila kuliosha.

Dawa ni maji. Lowanisha taulo kwa maji ya vuguvugu yenye shampuu ya gari, lilaze juu ya sehemu yenye vitone kwa dakika tano hadi kumi, halafu futa bila kukandamiza. Suuza, rudia. Sabuni ya kuoshea vyombo inafaa kwa siku moja ya dharura, lakini huondoa na waksi iliyokuwa ikilinda rangi, kwa hiyo isiwe mazoea. Hapa thina, petroli na hata spiriti hazina kazi. Wanaozitumia hupoteza fedha na kuharibu rangi kwa ajili ya kitu ambacho ndoo ya maji ingekimaliza.

Chanzo cha pili ni wa kwetu wa kandokando ya ziwa: wale wadudu wadogo wanaoinuka majini kwa makundi hadi yakaonekana kwa mbali kama nguzo za moshi. Namna ya kuwatofautisha ni kutazama upande ulioathirika. Sukari ya mwembeni hushuka kutoka juu, basi paa ndilo linaloumia zaidi. Wadudu wa ziwani hugongwa gari likitembea, au hufuata taa usiku, hivyo utawakuta kwenye bampa, grili, taa na saiti mira. Taulo lililolowa linawatosha nao, ila usiwaache wakaukie juani siku nzima. Miili yao ikioza huacha alama.

Utomvu halisi wa mti ni chanzo cha tatu hapa, na ni nadra usambae namna hii. Maji ya vuguvugu yakishindwa baada ya kurudia mara mbili, nenda dalili inayofuata.

"Kuna matone machache magumu, ya rangi ya kahawia au dhahabu"

Tone moja moja, nene, ukiligusa na ukucha halisogei. Gari huenda lilikuwa chini ya msonobari, au chini ya mwembe wenye tawi lililokatwa au shina lililotobolewa na wadudu. Msimu wa maembe kuna jingine: kikonyo cha embe bichi likichumwa hutoa majimaji makali, yaleyale yanayobabua midomo ya watoto. Hayo ni makali kwa rangi pia, kwa hiyo tone la kikonyo lisilale hadi kesho.

Kabla ya kununua chochote, weka kitambaa chenye maji ya vuguvugu juu ya tone kwa dakika kumi. Likilainika na kuteleza, ni gundi ya maji. Mgunga hutoa gundi ya namna hiyo, na huku Usukumani migunga haikosekani barabarani. Endelea na maji mpaka liishe. Mkaratusi nao hutoa utomvu mwekundu mzito ambao sehemu yake kubwa hukubali maji, ingawa unaweza kuacha doa la hudhurungi.

Likibaki gumu vilevile, ni ulimbo. Chukua spiriti ya duka la dawa, ile ya kusafishia ngozi, lowanisha pamba au kitambaa laini, ukiweke juu ya tone na ukiache hapo nusu dakika hadi dakika moja. Usisugue. Inua, tazama, geuza upande safi wa kitambaa, weka tena. Ulimbo unayeyuka kutoka nje kuelekea ndani, kwa hiyo tone nene litahitaji kuwekewa mara nne au tano. Mkono hauna kazi kubwa hapa zaidi ya kubadilisha kitambaa. Mtu anayekosa subira ndiye anayelivuruga tone na kulitandaza likawa doa la ukubwa wa kiganja. Ukimaliza, osha sehemu hiyo kwa shampuu, suuza, kausha, upake waksi, kwa maana spiriti imeondoa ile ya zamani.

Huna spiriti? Mafuta ya kula yatalainisha ulimbo ukiyaacha robo saa hivi. Mafuta ya taa yana nguvu zaidi, na huku kila duka la mtaani linayajua, lakini yana masharti: kiasi kidogo kwenye kitambaa, mbali na raba za milango na plastiki, kisha osha mara mbili kwa sabuni ili utando wa mafuta usibaki ukakusanya vumbi. Petroli ninaiweka nje ya orodha. Inayeyusha ulimbo, ndiyo, lakini mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo tu, na karibu na injini yenye moto, jiko la mkaa au mtu anayevuta sigara ni ajali inayosubiriwa. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya taa navyo vikaushwe hewani, visirundikwe kwenye buti.

Kuna vitu ambavyo mtaani husifiwa na havitakiwi kusogea karibu na rangi: thina, asetoni ya kutolea rangi ya kucha, mafuta ya breki, dawa ya kuweupesha nguo, na wembe. Mafuta ya breki ni mabaya kupita yote; yana uwezo wa kuvimbisha rangi mpaka bati likaonekana.

Sehemu yenye stika au maandishi, kama vioo vya nyuma vya daladala na milango yenye jina la kampuni, usiiwekee spiriti. Wino utatoka kabla ya ulimbo.

"Ni kitu cheupe, kimekauka kama mpira"

Haya ni maziwa. Sababu ya kwanza ni mkuyu au jamaa zake wanaopandwa kwa ajili ya kivuli, ya pili ni mfenesi, na ya tatu, ambayo wageni hawaifikirii, ni uzio wa minyaa. Vijiji vingi vya kuelekea Magu na Misungwi vina uzio huo, na gari likipita njia nyembamba hukwaruza matawi na kupakwa maziwa ubavuni.

Kwa mnyaa simama kidogo. Maziwa yake ni sumu kwa macho. Yanaweza kusababisha maumivu makali na hata kudhuru uoni. Vaa glavu, watoto wasisaidie kazi hii, na usijifute uso. Yakiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama maumivu yamepungua. Suala la rangi ya gari litasubiri.

Maziwa mabichi ya mti wowote kati ya hiyo hutoka kwa maji na sabuni bila mgogoro. Yaliyokauka yapake mafuta ya kula au mafuta ya taa kidogo, yaache yavimbe, kisha yaviringishe kwa ncha ya kidole chenye glavu. Yatatoka vipandevipande. Osha kwa sabuni.

"Tone limetoka lakini doa limebaki"

Hapa pana mambo mengi, na ndipo watu wengi huharakia mashine ya polishi bila sababu.

Kwanza fikiria kwamba hujamaliza. Utando mwembamba wa ulimbo hauonekani ukiwa umelowa, lakini gari likikauka unajitokeza kama duara lililofifia. Pitisha kidole kikiwa ndani ya mfuko laini wa plastiki juu ya doa: mfuko hukuzidishia hisia, na kama pana mkwaruzo wa kitu kilichosimama juu ya rangi, basi ni mabaki. Rudia spiriti. Kwa mabaki madogomadogo yaliyosambaa kuna ule udongo laini wa kusafishia rangi unaouzwa kwenye maduka ya vipodozi vya magari. Huteleza juu ya maji ya shampuu na kunasa kinachojitokeza. Ukianguka chini, utupe. Udongo uliookota mchanga umegeuka msasa.

La pili, kama uso ni laini lakini doa lipo, huenda ni rangi ya mti iliyoingia, kama ile hudhurungi ya mkaratusi. Doa la namna hii likiwa juujuu hupungua kwa polishi nyepesi ya mkono.

La tatu ni kovu. Rangi ya magari mengi ya sasa ina tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Kwa gari lililopakwa kiwandani tabaka hilo huwa na unene wa karibu mikroni 40 hadi 50, yaani jembamba kuliko unywele. Tone likilala juani siku nyingi, klia hulainika kwa joto, hubanwa chini ya tone linalokauka, na kubaki na shimo la kina kidogo. Tazama kwa pembeni jua likiwa chini: ukiona taswira ya mti au mlingoti inajikunja ikifika kwenye doa, hilo ni kovu. Liguse kwa ukucha. Ukucha usiponasa, polishi laini kwa mkono, ukifuata mizunguko midogo na ukisimama kila mara kutazama, inaweza kulipunguza. Ukucha ukinasa, acha. Kulifuta kovu kunamaanisha kushusha klia yote inayolizunguka mpaka ilingane na sakafu ya shimo, na hapo unacheza na mikroni ambazo hazirudi. Hiyo ni kazi ya fundi rangi.

La nne si la mti kabisa. Wenye magari wa Kirumba, karibu na soko la samaki la Mwaloni, wanawajua wale korongo wakubwa wenye upara wanaosimama juu ya mapaa kama wazee wa baraza. Kinyesi chao hula klia, na huacha doa lenye kingo zilizochanika, mara nyingi jeupe katikati. Watu huliweka kwenye hesabu ya mti kwa sababu ndege alikuwa juu ya mti. Matibabu ni yaleyale ya kovu, ila kwa siku zijazo kinyesi kilowanishwe na kuinuliwa siku hiyohiyo bila kusuguliwa, kwani kina chembe ngumu ndani.

"Sehemu niliyosugua imepoteza mng'ao"

Osha kwanza kwa shampuu na ukaushe. Mara nyingi ni utando wa mafuta ya taa au sabuni iliyokaukia, na unaondoka. Usipoondoka, mwagia maji kidogo: kama mng'ao unarudi pakilowa na kupotea pakikauka, una mikwaruzo midogo ya juujuu, na polishi ya mkono au ya mashine inaitibu. Kama pamebaki peupe hata pakilowa, klia imeungua kwa dawa au imetoka. Polishi haiwezi kurudisha tabaka lisilokuwepo, kwa hiyo usimlipe mtu kwa ajili hiyo; mwulize bei ya kupaka upya kipande hicho.

"Kitambaa kimeshika rangi ya gari"

Simama hapohapo. Usimalizie hata tone lililobaki.

Chanzo cha kawaida ni kwamba gari lina rangi ya tabaka moja isiyo na klia, au limewahi kupigwa rangi gereji bila hadina, dawa inayochanganywa na rangi ili ikaze. Magari mengi yetu yametoka Japani yakiwa yametumika, na mengine yameshapigwa rangi hapa mara moja au mbili, kipande kwa kipande. Boneti linaweza kuwa la kiwandani na bampa likawa la gereji. Rangi isiyo na hadina huyeyushwa na thina hata miaka baadaye, na spiriti inaweza kuisumbua. Chanzo kingine ni rangi mbichi: gari lililopigwa rangi ndani ya mwezi mmoja uliopita liguswe kwa maji na shampuu tu. La mwisho, na baya, ni kwamba klia imekwisha na sasa unafuta rangi yenyewe.

Suuza kwa maji mengi, usikaushe kwa kusugua, umpelekee fundi. Fanya hivyohivyo ukiona rangi imekunjamana, imevimba, ina ufa, au ukingo wake umeanza kuinuka.

Vioo, waipa na taa

Kioo kinavumilia. Spiriti inafaa, na hata wembe mpya ulioulaza kwenye kioo kilicholowa, mradi usifike kwenye raba wala upande wa ndani wenye tinti. Waipa zikichora mistari baada ya hapo, futa midomo yake kwa spiriti kidogo; ulimbo umehamia huko. Usiwashe waipa juu ya matone makavu. Taa za mbele ni plastiki, si kioo: maji, shampuu na subira tu. Thina, petroli na asetoni huzitia ufa na ukungu usiofutika.

Pa kuoshea

Ziwani hapana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka ukanda wa hifadhi wa meta 60 kandokando ya ziwa, na sabuni yenye mafuta ya taa haina mahali humo. Anayesimama kwenye maji ya kina kifupi akiosha gari anajitafutia kichocho. Hata rangi haifaidiki, kwa kuwa ndoo inayochotwa ufukweni huja na mchanga.

Kwa waosha magari wa mtaani, kaa karibu. Omba ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, na uwaonyeshe tone kabla hawajaanza ili asije mmoja akalivamia na waya.

Kabla fundi hajawasha mashine

Mwambie ukweli wote: ulipaka nini, mara ngapi, na kama kipande hicho kimewahi kupigwa rangi. Mwulize kama ana kipimo cha unene wa rangi. Wengi hawana, na hilo pekee si sababu ya kuondoka, lakini anayejua kazi ataanza na kompaundi laini kwenye eneo dogo, akuite utazame, ndipo aendelee. Anayeanza na msasa wa maji juu ya tone ambalo hajaligusa kwa maji wala spiriti, chukua ufunguo wako.